Zulia la Tabriz la raji 50: ligeuze kabla hujalipa

Haya jamani, karibuni. Leo zulia. Hili hapa mbele ni la Tabriz, mji wa Iran, mita moja kwa moja na nusu, sufu juu, mtande (nyuzi za urefu zinazoshika mafundo) wa pamba, limefungwa kwa mkono fundo baada ya fundo. Lile la pembeni ni la mashine. Muuzaji aliniambia ni "Kashan", na hakudanganya, limetoka huko kweli. Ila siku hizi Kashan na viunga vyake vimejaa viwanda vya mazulia ya mashine, kwa hiyo usinunue jina la mji.

Nayageuza yote mawili. Sogeza kamera. Tazameni mgongo wa hili la Tabriz: maua yote yanaonekana, na rangi zake ni zilezile za juu. Kila kidoa ni fundo lililozungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande. Mistari imeyumbayumba kidogo, ndiyo mkono wa mtu huo. La mashine limenyooka kama daftari la hesabu, na matamvua yameshonewa baadaye. La mkono tamvua ni ncha ya mtande wenyewe. Ukiikata, umeanza kufumua zulia.

Tabriz wanahesabu kwa raji, yaani mafundo kwenye mstari wa sentimita 7. Raji 50 inakupa zaidi ya mafundo 500,000 kwa mita ya mraba. Fundi akifunga 8,000 kwa siku, mita hiyo moja inamla miezi miwili na ushei, bila siku ya mapumziko. Na hao wa Tabriz wana kisu chenye kulabu nchani: kulabu inavuta uzi, makali yanakata. Kwingine kwingi Iran ni vidole vitupu.

Sasa dukani utaimbiwa raji 60, raji 70, na bei inapanda. Mimi hapo sishtuki. Zulia la Ardabil, lile maarufu la kale la Iran, lina jina la Maqsud Kashani na mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540, enzi za Shah Tahmasp, mfalme wa Iran. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lililinunua 1893 kwa pauni 2,000. Basi mafundo yake kwa mita hayapishani sana na ya hili nililolikalia! Na ndugu zangu wa Maskati, lile la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, mita za mraba 4,343, wafumaji 600, miaka minne, mafundo bilioni 1.7. Gawanyeni wenyewe: kama 390,000 kwa mita, chini ya hili hapa. Nani atasema ni zulia hafifu? Mchoro, sufu na rangi ndivyo vinavyobeba zulia.

Kitu cha kuogopa ni fundo la jufti. Fundi mwenye haraka analifunga kwenye nyuzi nne badala ya mbili, anaokoa nusu ya kazi, na wewe unapata sufu nyepesi inayokwisha upesi. Hapa nimekagua katikati na kingo, sijaliona.

Rangi sasa. Kitambaa cheupe, maji kidogo, nasugua. Nyekundu: safi. Buluu: safi. Hii waridi... mnaona? Imeacha doa. Ni rangi ya kiwandani isiyosuuzwa vya kutosha, na kwa bei hii sijapendezwa. Yale mawimbi ya buluu iliyokoza na iliyofifia, hayo si kasoro, wanayaita abrashi. Uzi ulichovywa kwa mafungu tofauti.

Kwa hiyo ningelinunua, ila ningeitumia hiyo waridi kushusha bei. Na mlioko pwani, msilimwagie maji uani kama mkeka. Lizungusheni upande wa dirisha na upande wa kivuli, mlinyanyue mara kwa mara sakafu ipumue, na mkilihifadhi liviringisheni, ila msilisahau, maana nondo hupenda sufu iliyosahauliwa gizani.