TAHADHARI: "Kompyuta ya gemu, i7" ya elfu 28 inayotangazwa huku Lamu

Wana Lamu, hasa vijana wa gemu: kuna jamaa anatangaza kompyuta za mezani kwenye magrupu ya kuuza na kununua, anadai yuko Mombasa. "Core i7, RAM 16, kadi ya grafiki GTX 1050 Ti ya GB 4, elfu 28 tu." Msimtumie hata shilingi.

Mimi nilituma. Mzigo ukaja na basi hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti, ukabebwa na punda mpaka Langoni. Mpwa wangu akawasha, akaapdeti kila kitu, akafungua gemu ya mpira. Dakika kumi hazikufika, kioo kikawa cheusi. Kumpigia muuzaji, neno lake la kwanza: "Hamjaapdeti draiva (programu inayoendesha kadi) lakini, bosi?" Sasa yeye alijuaje?

Nikafungua skrubu. Kadi ina tundu la VGA, lile la bluu la skrini za zamani. GTX 1050 Ti halisi, ya mwaka 2016, haitoi VGA kabisa. Nikashusha GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha kadi ni ipi hasa, na mbele ya jina la kadi pameandikwa FAKE kwa herufi kubwa. Chipu ni GF116, ile ya GTX 550 Ti ya 2011. Wameichezea BIOS, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, ijitaje kwa jina la mwenzake. Nvidia, wenye chipu hizo, waliacha kuzitolea kadi hizo za zamani draiva mpya 2018, kwa hiyo draiva mpya haziziendeshi, ndiyo maana akaogopa apdeti.

RAM ni 16 kweli, nisimsingizie. Na prosesa, ubongo wa kompyuta, i7 ni i7, ila ni 860, kizazi cha kwanza, ya 2009. Haina AVX, yaani amri za hesabu zilizoongezwa kwenye prosesa za baadaye, na baadhi ya gemu mpya hazifunguki bila hiyo. Bodi yake nayo haipokei prosesa za vizazi vilivyofuata. Afadhali i5-4570 ya 2013. Tarakimu ya kwanza kati ya zile nne ndiyo kizazi, hapo ni cha nne. Ukiona i7 yenye tarakimu tatu tu, iache.

Unayetaka ya kuongezea vitu polepole, chukua kasha kubwa. Yale membamba hayaingizi kadi ya kimo cha kawaida. Ulizia na pawa saplai, kile kiboksi cha umeme ndani ya kasha. OptiPlex 9020 ya Dell, kwa mfano, ni mashine nzuri, lakini plagi ya bodi yake ni ya pini 8, pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta.

Na kabla ya M-Pesa, muuzaji akurekodie video GPU-Z ikiwa wazi, pembeni karatasi yenye jina lako.

Pesa yangu? Alisema nirudishe mzigo kwa nauli yangu. Nilipouliza duka liko mtaa gani, simu ikawa haipokelewi tena.

Tangazo bado lipo, kwa jina jingine. Mtalijua kwa picha: kasha jeusi lenye taa za bluu, nyuma yake pazia la manjano. Nililoletewa mimi halina taa hata moja. Jana bei ilikuwa elfu 26.