Chujio la mkaa wa mifupa na madoa ya kahawia kwenye dracaena: uzoefu wangu

Nimelitumia chujio la maji la mkaa wa mifupa nyumbani kwangu Arusha kwa muda wa kutosha kuona majani mapya yakichipua na kukomaa. Tathmini yangu ni kwamba linaisaidia mimea ya ndani iliyoathiriwa na floraidi, chumvi iliyomo kwenye maji ya huku kwetu, ila halimfai kabisa mtu ambaye madoa ya mimea yake yana chanzo kingine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yangu inahusu namna ya kutambua chanzo cha madoa, kwa kuwa hapo ndipo fedha ya mnunuzi huokolewa au kupotea.

Mmea ulionifanya nilitafute ni dracaena yenye majani marefu na mapana, wa jamii moja na isale ambalo Wachaga hulipanda mipakani mwa vihamba na kulitumia katika kuombana msamaha. Ncha za majani yake ya chini ziligeuka kahawia, kisha ukavu ule ukaanza kushuka taratibu kwenye kingo. Dracaena nyingine yenye milia meupe ilipata mabaka ndani ya milia yenyewe, na mmea wa buibui uliokuwa dirisha la pili, mbali na hizo mbili, ulikauka ncha vilevile. Muuzaji wa duka moja la pembejeo alinishauri dawa ya ukungu yenye madini ya shaba, na sikuinunua kwa sababu dalili hazikulingana na ukungu.

Doa la ukungu kwa kawaida huwa la mviringo au umbo la yai, mara nyingi likiwa na duara la manjano kulizunguka, na hutokea hasa pale maji yanapotuama juu ya jani. Kwenye dracaena, ukungu wa Fusarium hushambulia zaidi majani machanga ya katikati ya shada, ambako maji ya kumwagilia kwa juu hubaki bila kukauka. Doa la bakteria huanza likionekana kama limelowa, huenea upesi, na pengine hutoa harufu mbaya. Jua kali huunguza upande unaotazama dirisha tu, na jani hupauka kwanza kabla ya kuwa kahawia. Maji yakizidi kwenye chungu, majani ya chini hulegea na kuwa manjano, na ukiung'oa mmea utakuta mizizi myeusi na laini. Kuna pia wadudu gamba, ambao mtu asiyewajua huwadhani ni madoa. Hao huondoka ukiwakwangua kwa ukucha. Yangu hayakuwa lolote kati ya hayo: yalikuwa makavu, yenye mpaka mkali kati ya kahawia na kijani, yakaanzia nchani na kwenye majani makongwe, na yakaipata mimea ya aina tofauti isiyogusana lakini inayonyweshwa maji yaleyale.

Mkazi wa Arusha au Meru hahitaji maelezo marefu kuhusu floraidi, kwa kuwa meno ya kahawia ya watu waliokulia sehemu kama Maji ya Chai yanatokana na chumvi hiyohiyo inayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano. Ndani ya mmea, floraidi husafiri pamoja na maji kutoka mizizini, maji hutoka kama mvuke kupitia majani, nayo floraidi hubaki na kurundikana kwenye ncha na kingo hadi sehemu hizo zinakufa. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa, lakini dracaena, mmea wa buibui na calathea (mmea wa ndani wenye majani ya michoro) huweza kudhurika chini ya hapo. Huko Marekani, ambako sehemu nyingi floraidi huongezwa kwenye maji ya bomba hadi karibu miligramu 0.7 kwa lita ili kulinda meno, wapenzi wa mimea hiyo hulalamikia ncha hizohizo. Nilipeleka sampuli ya maji yetu maabara, na kipimo kilipoonyesha kwamba yamevuka kikomo cha kunywa, nililinunua chujio bila kusitasita.

Chujio lenyewe ni ndoo mbili zilizopandanishwa, ya juu ikiwa imejazwa chembe za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo, ya chini ikiwa na bomba. Madini ya mfupa hubadilishana na maji: huishika floraidi na kuachia kitu kisicho na madhara. Ubora wa uchomaji ni jambo la kuchunguza kabla ya kulipa, maana mfupa ulioungua kidogo hutia maji harufu na rangi, na ulioungua hadi kuwa mweupe hupoteza sehemu ya uwezo wake. Uliza pia mifupa ni ya mnyama gani, hasa ikiwa wenye nyumba nao watayanywa maji hayo na wana masharti ya dini. Muuzaji wangu alijibu bila kusita, jambo lililonipendeza. Tahadhari moja kwa wanaodhani wameshajikinga: kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huizidisha kwa kuwa maji hupungua, na chujio la kawaida la mishumaa ya kauri nalo haliizuii.

Kuhusu matokeo, majani yaliyokwisha kuharibika hayakupona, wala hayapaswi kutarajiwa kupona, kwa kuwa tishu iliyokufa hairudi. Nilikata ncha kwa mkasi nikafuata umbo la jani. Majani yaliyochipua baadaye ndiyo yanayotoa ushahidi, nayo kwenye dracaena ya kijani ni safi hadi nchani. Ile yenye milia imepata nafuu tu, na calathea yangu bado inakauka kingo kidogo. Sidhani hilo ni kosa la chujio, kwa sababu limetengenezwa kuyafanya maji yamfae binadamu, na kiwango kinachomfaa binadamu bado ni kikubwa kwa mmea dhaifu. Nilichanganya pia chokaa ya kilimo kidogo kwenye udongo, kwani udongo usio na asidi nyingi huibana floraidi isifike mizizini, na nikaacha mbolea ya superfosfeti, ambayo yenyewe hubeba floraidi. Kwa hiyo siwezi kulipatia chujio sifa zote. Wanaomwagia mimea maji yaliyochemshiwa maharage waache ikiwa walitia magadi, kwa kuwa magadi ya huku kwetu yana floraidi nyingi.

Kasoro kubwa ninayoiona ni kwamba mkaa ukishajaa haukuonyeshi dalili yoyote. Maji yanaendelea kutoka maangavu na matamu huku floraidi ikipita, na chujio langu lilikuja bila kipimo wala maelezo ya lita ngapi zichujwe kabla ya kubadilisha mkaa. Pia linachuja polepole, kwa hiyo mwenye bustani kubwa ndani ya nyumba atachoka kusubiri.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki safi, baada ya kuacha mvua ya mwanzo ioshe bati, yana floraidi kidogo sana na yanaishinda kazi ya chujio hili kwa mmea wowote. Mwenye paa na nafasi ya simtanki ningemshauri aanze na hilo, na anayeishi kwenye nyumba ya kupanga isiyo na mahali pa kukinga maji ndiye ningemwambia anunue chujio, kwa sharti kwamba muuzaji akubali kwa maandishi kumbadilishia mkaa na ataje bei ya kuubadilisha.