Tathmini: Tiketi ya pamoja ya Falcon 9 kwa setilaiti ndogo

SpaceX walipotangaza hadharani mwaka 2019 bei ya kupakia setilaiti ndogo za wateja wengi kwenye roketi moja ya Falcon 9, dola milioni 1 kwa kilo 200, mtu mwenye wazo tu aliweza kupiga hesabu kabla hajamtafuta mfadhili. Kwa hilo pekee huduma hii inastahili sifa.

Bei imepanda tangu hapo. Ya 2025 ilikuwa dola 325,000 kwa kilo 50 za kwanza, kisha 6,500 kwa kila kilo inayozidi, hivyo mzigo uleule wa kilo 200 ukafika milioni 1.3. Kifaa cha kuachanisha setilaiti na roketi, kujaza mafuta na bima ni gharama za pembeni. Mwenye setilaiti ya kilo 4 naye akinunua moja kwa moja analipia kilo 46 za hewa, ndiyo maana wadogo hupitia madalali kama Exolaunch, wanaokusanya mizigo.

Pa kuangalia sana ni jaribio la mtikisiko, ambapo setilaiti hutikiswa kabla ya kuruka: skrubu isiyotiwa gundi hulegea, viungio vya nyaya huachia. Tanki la presha lisilo na vyeti halipandi. Na ukichelewa, roketi haitakusubiri.

Udhaifu mkubwa ni njia. Hii ni daladala: safari za Transporter, ndizo hizi za pamoja za SpaceX, hupita karibu na ncha za dunia, na kila mahali hupita saa ileile ya jua. Kwa picha za mashamba, kazi iliyoipeleka setilaiti ya Kenya, Taifa-1, kwa Transporter-7 Aprili 2023, inafaa kabisa. Kwa mawasiliano ya Ikweta haifai, maana setilaiti ya njia hii hupita juu ya Nairobi mara chache kuliko juu ya Norway, na mafuta ya kuigeuza hayabebeki. Safari nyingine za pamoja za SpaceX, Bandwagon, zilizoanza 2024 kwa njia iliyoinama nyuzi 45 hivi kutoka Ikweta, zinapunguza tatizo. Electron, roketi ndogo ya kampuni ya Rocket Lab, hukupeleka unakotaka, lakini andaa mamilioni ya dola.

Wazo lililonufaika kuliko yote, kwa maoni yetu, ni la kampuni ya Varda: kutengeneza fuwele za ritonavir, dawa ya VVU, angani na kuzirudisha. Walipanda Transporter-8 Juni 2023 bila shida. Kilichowakwamisha ni kibali cha kutua, na kapsuli ikashuka Utah Februari 2024. Mwenye mzigo wa kurudi aanze na kibali, tiketi baadaye.