Glaumbær, Iceland: nyumba ya mchungaji aliyekuwa mkulima

Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya usharika ataielewa Glaumbær mapema kuliko watalii wenzake. Yalikuwa makazi ya mchungaji wa Kilutheri, Skagafjörður, kaskazini mwa Iceland. Watu waliishi humo hadi 1947, na tangu 1952 ni makumbusho. Ni nyumba 13 zilizoshikana, kuta zake mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi, maana mawe ya kujengea hapo ni haba. Hadi paa linaota majani.

Mlangoni uiname. Unapita ujia mrefu wenye giza, baridi na harufu ya udongo, mpaka chumba cha kulala. Familia ya mchungaji ilikuwa na sehemu yake iliyotengwa. Vibarua walilala wawili wawili kitanda kimoja. Humo humo walikula, kila mtu na bakuli lake la mbao lenye kifuniko, na jioni wakasokota sufu huku mmoja akiwasomea. Nilisimama sana kwenye mbao za vitandani: zimechongwa kwa ustadi, na usiku zilizuia matandiko yasianguke.

Kama unatafuta majoho na makabati ya vitabu, utatoka bure. Zana za shamba ndizo zimejaa. Mchungaji wa zamani huko aliishi kwa fungu la kumi na siku za kazi alizowadai waumini, na juu ya hapo kila mwenye kaya alimlishia mwanakondoo mmoja kipindi chote cha baridi. Nilicheka peke yangu. Kwetu Machame baba, naye mchungaji, aliletewa mkungu wa ndizi na kuku, vingine vikapigwa mnada nje ya kanisa, ila kulishiwa mifugo! Wazee wa kanisa wangesusa kikao. Lakini mchungaji wa Iceland naye alikuwa na deni lake: tangu karne ya 18 ilimpasa kupita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kusoma, kabla ya kipaimara.

Kasoro ni kampuni ya basi iliyotuleta, silitaji jina. Tuliahidiwa saa nzima, tukaanza kupigiwa honi ningali jikoni. Ukiweza, kodi gari. Beba sweta hata kama ni Julai, na kanisa la pembeni ni la 1926 tu, usilimalizie muda wako.

Makumbusho, nyota tano. Basi, moja.