Baseball-Reference: daftari lisilomtupa mchezaji wa mji mdogo

Tovuti ya Baseball-Reference, inayotunza takwimu za besiboli ya Marekani, naitumia karibu kila usiku bando likiniruhusu, na ninayotaka kuisifia hapa ni sehemu yake moja tu, ile ya ligi ndogo, yaani ligi za kulipwa zilizo chini ya ligi kubwa. Wengi wanaoijua hukimbilia nyota wa New York na Los Angeles. Mimi hao nawapita. Nazifuata timu za miji ambayo hata Wamarekani wengi hawajaikanyaga, timu za mwaka 1885 na 1902, nyingine zilicheza msimu mmoja zikafa. Humo nakuta wachezaji wamepangwa safu kwa safu, kila mtu na mechi alizocheza, mara alizoshika gongo, mipira aliyoipiga ikampa nafasi ya kukimbia. Mtu aliyecheza wiki mbili akaondoka naye ana mstari wake.

Nalisema hili kama mtu wa kazi hiyo. Kwenye ligi ya wilaya hapa Tanga mimi ndiye ninayeandika: vikosi, nani kafunga dakika ya ngapi, nani kala kadi. Besiboli siichezi. Sheria zake nilielekezwa na mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam, ambako zipo shule zinazoucheza mchezo huo kwa msaada wa Wajapani, na ni yeye aliyenitumia kiungo cha tovuti hii akiniambia, "Shangazi, hawa wanaandika kama wewe." Nikakaa nayo hadi adhana ya alfajiri.

Tovuti ilianzishwa mwaka 2000 na Sean Forman, wakati huo mwanafunzi wa hisabati wa ngazi ya juu huko Iowa. Rekodi za ligi ndogo zilizomo zinatokana kwa sehemu kubwa na jasho la wanachama wa SABR, chama cha watafiti wa besiboli kilichoanzishwa mjini Cooperstown, New York, mwaka 1971. Wengi wao ni watu wa kujitolea, wanaokaa maktabani kupekua magazeti makuukuu ya miji yao na kunakili matokeo mechi kwa mechi. Kusoma kurasa za timu na wachezaji ni bure. Matangazo yapo, na ipo huduma ya kulipia kwa wanaotaka kuchambua takwimu kwa undani, ila kwa shughuli yangu siihitaji.

Kabla ya kuingia, ujue ligi zenyewe zilipangwaje. Septemba 1901 viongozi wa ligi ndogo walikutana hotelini Chicago wakaunda umoja wao, kwa sababu ligi kubwa mbili zilikuwa zinagombana na kuwanyang'anya wachezaji bila kulipa chochote. Umoja huo ukapanga madaraja: A, B, C na D. D ndiyo ya chini kabisa, miji ya pamba, ya tumbaku, ya karakana za treni. Mtu wetu aliyezoea ligi ya mkoa ataelewa mara moja. Ligi hizo ziliongezeka hadi zikafika 59 mwaka 1949, halafu televisheni ikaanza kuwabakiza watu majumbani.

Sasa fungua Corsicana, Texas, mwaka 1902. Hapo ndipo nilipokubali kwamba tovuti hii ni hazina. Corsicana ni mji uliokuwa ukichimba kisima cha maji mwaka 1894, yakatoka mafuta. Timu yao ikaitwa Oil Citys. Tarehe 15 Juni 1902 ilikuwa Jumapili, na sheria ya mji wao haikuruhusu michezo siku hiyo, basi mechi dhidi ya Texarkana ikahamishiwa mji jirani wa Ennis, kwenye kiwanja kidogo ambacho uzio wake wa upande wa kulia ulikuwa karibu mno. Corsicana wakashinda mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) 51 kwa 3. Kijana mmoja mdakaji, Justin Clarke, akaupiga mpira nje ya uzio mara nane katika mechi hiyo moja.

Nane! Kwa asiyeujua mchezo, mpira ukivuka uzio mpigaji ana mkimbio wa uhakika, na mtu akifanya hivyo mara mbili siku moja anabebwa juu.

Raha ya tovuti ni kwamba haikuachi na hadithi tu. Unabofya jina la Clarke, maisha yake yote ya uwanjani yanashuka mbele yako, mwaka baada ya mwaka, mji baada ya mji. Unamkuta mwaka 1905 amefika ligi kubwa, Cleveland. Unashuka zaidi hadi jumla yake huko juu, na unaona kwamba kwa miaka yote aliyocheza ligi kubwa alivusha uzio mara sita. Mchana mmoja wa Ennis uliyashinda maisha yake yote ya ligi kubwa. Kama wenzake wa Corsicana wasingeandikwa, kama Texarkana isingeandikwa, tungebaki na tarakimu sita na tungemwona mtu wa kawaida tu.

Niliisimulia habari hii barazani Ngamiani, kwa wazee wanaokutana jioni kwa kahawa na kashata. Mmoja wao, aliyewahi kuchezea timu ya shamba la mkonge enzi za ujana wake, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza, "Mwanangu, na hao waliofungwa hamsini na moja, majina yao yamo?" Nikamjibu, "Yamo, mzee." Akatikisa kichwa. "Basi hao ni watu wa haki."

Swali lake ndilo kipimo changu tangu siku ile. Tovuti ya michezo naipima kwa walioshindwa, maana bingwa haachi kuandikwa popote.

Yapo mapengo, na ni mengi kwa miaka ya mwanzo. Utakuta mchezaji ameandikwa jina la ukoo peke yake: Smith, mechi nne, basi. Hajulikani alizaliwa wapi, alitumia mkono gani, alikwenda wapi baada ya hapo. Gazeti la siku zile liliona jina moja linatosha, maana mji mzima ulimjua. Safu nyingine ziko tupu kabisa kwa sababu waandishi wa ligi hiyo hawakuhesabu jambo hilo. Mimi hili nalihesabu kuwa sifa ya tovuti. Hawakujaza kwa kubuni. Nafasi tupu wameiacha tupu, ili atakayepata gazeti jingine kesho aijaze. Hapa kwetu nimeona orodha za vikosi vya zamani zikizunguka kwenye simu, kila nafasi imejazwa, na ukiwauliza wazee watatu wanakupa majina matatu tofauti ya beki wa kushoto.

Ukitaka kuona maandishi ya aina hii yanavyomrudishia mtu haki yake, mtafute Bud Fowler. Alizaliwa mwaka 1858 kwa jina la John W. Jackson, akakulia Cooperstown, na kazi yake ya mkono ilikuwa kinyozi. Mwaka 1878 alicheza Lynn, Massachusetts, na ndiye mchezaji mweusi wa kwanza anayejulikana kulipwa katika besiboli ya ligi zilizopangwa rasmi. Ukurasa wake ni orodha ndefu ya miji. Mwaka 1885 yuko Keokuk, Iowa. Mwaka 1887 yuko Binghamton, New York, anapiga vizuri, na msimu unakatika katikati, kwa sababu wenzake weupe hawakutaka kucheza naye. Julai mwaka huohuo wakuu wa ligi ile walipiga kura kwamba mikataba mipya ya wachezaji weusi isiidhinishwe tena. Tarakimu hazikuelezi hayo, inabidi usome wasifu wake kwenye tovuti ya SABR, ambako pia husomwa bure. Lakini tarakimu zinakuthibitishia kwamba hakuachwa kwa kushindwa kazi. Mahali pa kuonyesha uwezo alipopewa, uwezo umeandikwa.

Fowler alifariki mwaka 1913 Frankfort, New York, akazikwa pasipo alama. Watu wa SABR ndio waliomwekea jiwe la kaburi mwaka 1987, na mwaka 2022 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, palepale Cooperstown alipokulia. Miaka 109 baada ya kufa. Sidhani ingewezekana bila wale waliokuwa wakinakili matokeo ya Keokuk.

Jim Thorpe ni upande mwingine wa shilingi. Huyu ni Mmarekani wa asili, mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Kabla yake, mwaka 1909 na 1910, alichezea Rocky Mount, North Carolina, kisha Fayetteville, kwa malipo madogo. Vijana wengi wa vyuo walikuwa wakifanya hivyohivyo majira ya joto kwa majina ya uongo. Yeye alitumia jina lake. Mwaka 1913 habari ilipotoka gazetini, medali zikachukuliwa kwa hoja kwamba alikuwa mchezaji wa kulipwa. Uamuzi wa kuzirudisha ulipita mwaka 1982, naye alikuwa ameshafariki, na ni mwaka 2022 tu alipotambuliwa tena kuwa mshindi pekee wa mashindano yale mawili. Ukurasa wa Rocky Mount 1909 bado unamwonyesha, mstari mmoja kati ya mistari ya wenzake. Naufungua mara nyingi. Rocky Mount ulikuwa mji wa reli na tumbaku kama Tanga ilivyokuwa mji wa reli na mkonge, na nikiyasoma majina yale nawaona vijana wetu wa karakana wakitoka zamu na kuelekea uwanjani.

Joe Bauman nitampitia haraka, maana ni wa miaka ya karibu. Roswell, New Mexico, mwaka 1954, daraja C: alivusha uzio mara 72 msimu mmoja, na hakuna aliyempita katika ligi za kulipwa za Marekani hadi Barry Bonds wa ligi kubwa alipofikisha 73 mwaka 2001. Ligi kubwa Bauman hakuicheza hata siku moja. Alikuwa na kituo cha mafuta ya magari palepale mjini.

Nasoma haya huku moyo unaniuma kwa ajili ya kwetu. African Sports ni ya mwaka 1936. Coastal Union ni ya 1948, na mwaka 1988 ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Vilabu hivi ni vikongwe kuliko taifa lenyewe. Nenda katafute leo kikosi kamili cha Coastal cha 1988, mechi kwa mechi, nani alianza na nani alitokea benchi Mkwakwani, uone utakavyohangaishwa. Timu za mashamba ya mkonge ndiyo kabisa. Niliwahi kwenda ofisi moja hapa mjini kuulizia madaftari ya ligi ya zamani, nikaambiwa mchwa wameyala na yaliyosalia yalichomwa wakati wa kupaka rangi. Aliyenijibu hakuona kama amesema jambo zito. Nililia njiani kwenye bajaji.

Ndiyo maana naisifia tovuti hii kwa watu wetu, hata wasiojali besiboli. Makatibu wa vilabu waione. Walimu wa michezo waione. Wanaoandika habari za michezo redioni waione kabla ya kumhoji mzee mwingine dakika tatu na kumwacha. Waangalie jinsi ukurasa wa timu ulivyopangwa: mwaka, ligi, mji, kisha majina yote, na kila jina ni mlango wa kuingia maisha ya mtu. Hakuna ufundi wa ajabu pale. Daftari la mistari la dukani linatosha kuanzia, na mimi nimeshaanza kupanga langu hivyo, nikiongeza safu ya mahali mchezaji alipozaliwa na ya timu aliyotoka. Wazee wa barazani wananisaidia, na lisilokubaliwa na wawili nimeliachia nafasi.

Kwa matumizi: kila kitu ni Kiingereza, lakini ukishajifunza vifupisho vya safu kumi hivi vya mwanzo, hasa mechi, mapigo na mikimbio, utasoma bila shida. Kwenye simu ya kawaida jedwali ni pana, ilaze simu ubavu. Kurasa za ligi ndogo hazionekani ukifungua mwanzo. Tafuta kwa kuandika jina la mji na mwaka, au jina la mchezaji. Usianze na timu maarufu. Fungua Rocky Mount 1909, mtazame Thorpe, kisha bofya jina la mtu wa chini yake usiyemjua kabisa, na umfuate mji kwa mji hadi mistari yake itakapokwisha.