Chapati za jana na oveni ya mkaa niliyonunua Mwanjelwa

Nauza chai na chapati Uyole, hapa Mbeya. Juni na Julai baridi ikikaza, saa mbili asubuhi hotpoti iko tupu. Ila Machi mvua ikianza alfajiri watu wanapita mbio, na mimi narudi nyumbani na chapati kumi na tano. Wanangu walishagoma: "Mama, chapati tena?" Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja wa mabati Mwanjelwa, nikanunua oveni ya mkaa, niwe nazikausha zilizobaki ziwe vipande vikavu vya kuuza. Alianzia laki na ishirini, tukaishia elfu tisini.

Ni sanduku la bati, trei mbili, mkaa unakaa chini na juu. Ya umeme sikuitaka, LUKU yangu naijua.

Siku ya kwanza niliweka mkaa sawasawa juu na chini. Dakika tano tu, trei ya juu nyeusi tii, ya chini bado laini kama sikio. Kumbe wa juu ndio unaounguza. Sasa chini naweka uliokolea vizuri, juu vipande viwili vitatu basi. Kipimo cha joto haina, kwa hiyo natanguliza kijiko cha unga kwenye trei. Ukibadilika taratibu kuwa rangi ya chai ya maziwa, naingiza. Ukiungua ghafla, napunguza moto.

Chapati iliyolala ndiyo nzuri, imeshakauka kidogo. Naikata pembetatu kwa mkasi. Zangu za kusukuma zina mafuta tayari, kwa hiyo napaka kidogo tu ili viungo vishike: chumvi, pilipili manga, pilipili ya unga, na binzari nyembamba ninayoikaanga na kuitwanga mwenyewe. Kitunguu saumu kiwe cha unga. Kibichi kinaungua chapati haijakauka, halafu kinaleta uchungu. Nazipanga bila kupandana, dakika nne nageuza, nne nyingine natoa. Zikitoka bado zinalegea katikati. Usizirudishe, zikipoa zinakuwa kavu zenyewe. Na usifunike ndoo zikiwa za moto, mvuke utazilainisha kazi yote ipotee.

Sasa mlango. Upande wa kulia unaacha upenyo wa kidole. Niliirudisha kwa fundi, akagonga nyundo mara tatu: "Mama, bati likizoea moto litakaa sawa." Miezi minne sasa, halijakaa. Nafunga kwa waya na kuziba kwa gunia lililoloweshwa. Kwa chapati inatosha. Ila nilipojaribu mkate wa pita, ule wa Waarabu unaofura kwa mvuke ukawa kama mfuko, niliaibika. Pita inataka moto mkali wa ghafla, na moto wangu unatorokea ubavuni. Ilitoka bapa kama soli ya kandambili. Nikaikata, nikaitia viungo, nikaiuza hivyo hivyo.

Zinanunuliwa, hilo sina wasiwasi. Kuna mzee mmoja, meno machache, anazitumbukiza kwenye chai mpaka binzari yote inaelea kikombeni, kisha ananiambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na kuomba nyingine za kubeba.

Oveni naipa tatu kati ya tano. Ningekuwa nanunua leo nisingezidi elfu sabini, na ningefungua na kufunga ule mlango palepale kwa fundi, na mkaa ukiwa ndani unawaka.