Mikanda ya mbio kwenye gari la spoti: ninachokisifu na ninachokikataa

Mimi ni fundi wa viti vya magari, kwa hiyo kwenye mkanda wowote naanza na mshono. Huu wa pointi sita, yaani unaoshikwa na gari mahali sita, niliofunga kwenye Mazda MX-5 yangu ya kizazi cha tatu, gari dogo la viti viwili lenye paa la kukunja, umeshonwa vizuri kuliko kazi nyingi zinazopita mezani kwangu: uzi mnene, mishono iliyojaa, hakuna ncha inayoning'inia. Ukishaukaza, tofauti unaisikia kona ya kwanza. Mwili hautelezi. Mguu wa kushoto uliozoea kusukuma sakafu ili nyonga isihame unapumzika, na mikono inaacha kung'ang'ania usukani, inabaki na kazi ya kuuzungusha tu. Kwa raha hiyo peke yake ningeupa alama zote.

Ila mkanda haununuliwi kwa ajili ya kona. Unanunuliwa kwa ajili ya siku ya ukuta, na siku hiyo mkanda wa kawaida uliokuja na gari, ambao watu wa saketi, yaani viwanja vya mbio, hupenda kuucheka, una akili kuliko unavyoonekana.

Mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ni kazi ya Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959. Kabla ya hapo alikuwa Saab akishughulikia viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Volvo iliwaachia watengenezaji wengine wautumie muundo huo, na tangu hapo umeongezewa vitu ambavyo abiria hawavioni. Gari likigonga, baruti ndogo huuvuta mkanda nyuma kabla hujaanza kwenda mbele. Nguvu ikizidi, roli inayouviringisha mkanda huuachia kidogo kidogo ili mbavu zisibebe yote. Kisha eabegi, ule mfuko wa hewa, inakudaka. Vitu hivi hupimwa kwa pamoja, vikisubiriana kwa sehemu ndogo za sekunde. Mkanda wa mbio hauna baruti wala roli. Unakushika, basi.

Na ukishikwa mabega yote mawili, kinachobaki huru ni kichwa. Kifua kinasimama, kichwa kinaendelea na safari, shingo ndiyo inayolipa. Dereva Mmarekani Dale Earnhardt alifariki kwenye mbio za Daytona 500 za mwaka 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na mwaka huohuo NASCAR, waandaaji wa mbio hizo, ikawalazimisha madereva kuvaa kifaa cha kuzuia kichwa. Kifaa chenyewe, HANS, kilikuwa kimeshabuniwa tangu miaka ya 1980 na Robert Hubbard, profesa wa Michigan State, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mbio. Kilikaa miaka mingi wengi wakikiona kero. Formula 1 ilikifanya lazima mwaka 2003. Kwangu mimi HANS ni sehemu ya mkanda, si nyongeza. Asiye nayo kanunua nusu ya bidhaa.

Sehemu nyingine ni chuma. Mkanda wa mbio unakufunga wima kama msumari kwenye ubao. Gari likipinduka na paa likashuka, huna pa kuegemea. Ndiyo maana kabla ya mkanda nilifunga upinde wa chuma nyuma ya viti, halafu nikapima kwa fimbo: ncha moja juu ya upinde, nyingine juu ya fremu ya kioo cha mbele, mimi nimekaa na helmeti kichwani. Helmeti ikigusa fimbo, kazi bado. Yangu iligusa, nikashusha kiti, nikatoa na sponji ya kukalia. Porsche wenyewe, wanapouza 911 GT3 yenye kifurushi cha Clubsport, mkanda wa pointi sita wa dereva huja pamoja na keji ya mabomba ya chuma nyuma. Hawautoi peke yake, na hawa si watu wa kugawa chuma bure.

Ufungaji ndio wenye kutaka subira. Mikanda ya mabega nimeizungushia kwenye bomba la upinde, ikitoka begani karibu usawa, ikishuka kidogo tu kuelekea nyuma. Ukiifunga kwenye sakafu nyuma ya kiti, kama nilivyoona kwenye magari ya watu, siku ya kugonga itavuta mabega chini na uti wa mgongo utabanwa kama sponji. Mkanda wa kiuno ukae kwenye mfupa wa nyonga, si kwenye tumbo. Bolti ni zilezile za kawaida za mikanda ya gari, za inchi 7/16, zenye hesi nyembamba (UNF), lakini tundu jipya kwenye bati lazima lipate sahani ya chuma upande wa chini. Na unapojifunga, anza na kiuno, mabega yawe ya mwisho; ukianza na mabega, kifungo kinapanda tumboni.

Ile mikanda miwili ya katikati ya mapaja wengi wanaionea haya. Ndiyo inayozuia mwili usichomoke chini ya mkanda wa kiuno.

Barabarani siutumii hata kidogo. Nikiwa nimekazwa hivyo siwezi kuinama kuchungulia njia panda, redio siifikii, na mkanda uliolegezwa ili nifikie hauwezi kunishika inavyotakiwa. Kwa hiyo ule wa kiwanda uko palepale, haujaguswa hata bolti moja. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Isitoshe, sheria za barabara za nchi nyingi zinautaka.

Kasoro ninayoilalamikia ni lebo. Mikanda yenye kibali cha FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ina mwaka wa mwisho wa matumizi uliochapwa juu yake, na ukipita, wakaguzi wa mashindano wanaukataa hata kama unang'aa. Mfuko unauma, lakini kama fundi siwezi kubisha: nimeshafumua viti vilivyopigwa jua na kuona utepe wa poliesta ukikatika kwa vidole. MX-5 yangu hukaa wazi juani, kwa hiyo mkanda nauvua baada ya kila siku ya saketi.

Wa pointi nne, ule wa bei rahisi wa rangi kali usio na mkanda wa katikati, sitausifu. Ukikaza mabega, kiuno kinapanda tumboni, hadithi imeisha hapo. Wapo watengenezaji wachache, kama Schroth, walioshona upande mmoja wa bega uachie kidogo ili mwili ujipinde na nyonga ibaki mahali pake. Huo una hoja. Mingine wateja huniletea na kiti cha kawaida, wakitaka nitoboe matundu mawili kwenye mgongo wa kiti yapitishe mikanda. Kiti kile ndani ni sponji na fremu nyembamba, hakijatengenezwa kubeba mikanda hiyo. Nawarudishia kiti chao kama walivyokileta.